Kiingereza chetu cha ofisini na mambo kinayoyaficha

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Haya, nani kati yenu hajawahi kuandika hiyo sentensi? Tumefundishwa shuleni kwamba barua rasmi lazima iwe nayo, na ukihamia kwenye Kiingereza inakufuata hukohuko, "Please refer to the heading above", yani kichwa kipo sentimita mbili juu, kimeandikwa kwa herufi kubwa na kimepigwa mstari, halafu bado tunamtuma msomaji arudi akakiangalie. Sina ugomvi nayo kivile, ni salamu tu, haiui mtu. Ninachotaka kuongelea leo ni yale yanayokuja baada yake.

Kazi yangu, kwa wasionijua, ni kunyoosha Kiingereza cha watu. Ripoti za miradi, matangazo, miongozo, barua za kuomba hela, mikataba midogomidogo, chochote kinachotakiwa kitoke kwa Kiingereza hapa Dar na mwenyewe anahisi hakijakaa sawa. Na kuna kitu nimekiona mara nyingi mpaka nimeshaacha kukishangaa: Kiingereza kikiwa hakisomeki, mara nyingi tatizo halipo kwenye Kiingereza. Grama iko poa, spelingi ziko poa, wengine wanaandika kuliko Waingereza wenyewe. Tatizo ni kwamba kuna kitu mwandishi hajakiamua, au kakiamua ila hataki kukisema, na maneno makubwa yanaletwa kuziba hapo.

Chukua tangazo hili, lilibandikwa kwenye lifti ya jengo moja la wapangaji: "Residents are hereby notified that, due to unavoidable circumstances, water supply services shall be temporarily interrupted with effect from Tuesday so as to facilitate the undertaking of maintenance works. Any inconvenience caused is highly regretted."

Hakuna kosa la grama hapo. Mwalimu wangu wa Form Two angeweka tiki kubwa na "Good" pembeni. Ila hebu we uwe mpangaji wa ghorofa ya tano, una mtoto mchanga na ndoo mbili, umejua nini? Umejua Jumanne kuna shida ya maji, basi. Yanakatika saa ngapi, yanarudi lini, ni mtaa mzima au ni humu ndani tu, hakuna. Ikawa kila anayeshuka na lifti anaenda kumuuliza mlinzi getini, na mlinzi wa watu hajui chochote, yeye alipewa karatasi na gundi akaambiwa nenda kabandike.

Msimamizi wa jengo akaniomba nilifanyie marekebisho kidogo lisomeke. Nikamuuliza maji yanakatika saa ngapi. Asubuhi. Asubuhi saa ngapi? Akampigia fundi. Fundi akasema inategemea, tenki la juu linaoshwa, wakiwahi kuanza watawahi kumaliza, sasa ikabidi wabishane kwenye simu pale mimi nikiwa nimekaa nasubiri, mpaka wakakubaliana saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Ndo likatoka hivi: "There will be no water on Tuesday from 9 a.m. to 4 p.m. We are cleaning the tank on the roof. Please fill your buckets on Monday night. If there is still no water at 5 p.m., call the caretaker."

Angalia vizuri. Lile la kwanza unaweza kuliandika hujui lolote, hujaongea na fundi, hujui hata kama kuna tenki. Hili la pili haliandikiki mpaka ujue. Na sentensi ipi unadhani ilileta ubishi? Ile ya mwisho. Msimamizi akaniambia ukiweka hiyo watanipigia simu. Nikamwambia ndiyo, watakupigia. Alifikiria kidogo, akaiacha, lakini uso wake ulionyesha kabisa kwamba "any inconvenience caused is highly regretted" ilikuwa inamlinda vizuri zaidi.

Na msije mkadhani huu ni ugonjwa wetu sisi tuliokipata Kiingereza kwa mkoloni na kwa mitihani ya NECTA. Wenye lugha yao wamehangaika nao sana. Tarehe 9 Agosti 1940, Uingereza iko katikati ya vita na Ujerumani, waziri mkuu wao Winston Churchill alitoa waraka wa ukurasa mmoja kwenda kwa mawaziri na watu wa serikali, mada yake Ufupi. Analalamika kwamba makaratasi anayoletewa karibu yote ni marefu mno, anataka paragrafu fupifupi, takwimu na mambo ya ndani yapelekwe kwenye kiambatisho, na ile misemo ya kiofisi ya kujazia nafasi itupwe. Mtu yuko vitani anapata muda wa kugombana na misemo! Ila ukiangalia, sababu iko wazi, msomaji alikuwa ni yeye. Bosi akiwa ndo msomaji mambo yananyooka haraka. Msomaji akiwa ni bibi anayejaza fomu ya kuomba msaada, hapo nani atoe waraka?

Kwa upande wa bibi alitokea Chrissie Maher, mama wa Liverpool ambaye kusoma kwenyewe alikuja kujua akiwa tayari ni kijana. Mwaka 1979 alienda na wenzake pale Parliament Square, London, mbele ya Bunge, wakazichana hadharani mamia ya fomu na nyaraka za serikali. Polisi akaja kuwatawanya, akawasomea kifungu cha sheria ya mwaka 1839, sentensi moja ndefu isiyo na mahali pa kupumulia, na mama akamuuliza kama hayo yote maana yake ni kwamba wanatakiwa waondoke. Nampenda sana huyu mama. Hapo ndo ilipoanzia Plain English Campaign, hawa ambao tangu 1990 wanagonga muhuri wao wa Crystal Mark kwenye nyaraka zinazosomeka, na walioandika vitu vya ajabu wanapewa tuzo ya Golden Bull, ambayo nadhani hakuna anayekimbilia kwenda kuipokea.

Marekani nako, mwaka 1975 Citibank waliibadilisha ile karatasi ya mkopo ambayo mteja anasaini. Ya zamani ilikuwa msitu. Mpya ikaja na lugha ya mtu na mtu, mkopaji ni "I", benki ni "you", na pale penye masharti ya kuvunja mkataba imeandikwa "I'll be in default: If I don't pay an installment on time". Yani nisipolipa kwa wakati. Nani asipolipa? Mimi. Hakuna "in the event of non-payment". Hiki kitu cha kurudisha mtu ndani ya sentensi ndo naona kimebeba nusu ya kazi yote. Baadaye serikali nayo ikafuata, Rais Carter mwaka 1978 alitoa amri kwamba kanuni za serikali ziandikwe kwa lugha nyepesi, na Obama akaja kusaini sheria kabisa Oktoba 2010, na ukisoma fomu zao za kodi leo utajua sheria ni sheria na utekelezaji ni kitu kingine.

Kwenye ripoti za miradi ya hapa kwetu mchezo ni uleule. "Challenges were encountered in the disbursement of funds." Nikiiona hiyo namuandikia mwenye ripoti pembeni: hela ilichelewa? Ilichelewa wapi? Nani alitakiwa aitume? Saa nyingine jibu ni refu na lina jina la mtu ndani, na mwenye ripoti ananipigia simu badala ya kuandika. Sisemi kila kitu kisemwe, hapana, we utaishi na huyo ofisa wa wilaya miaka mitatu ya mradi na kuna siku kunyamaza ni busara. Ila nyamaza ukijua unanyamaza. Wengi hawajui, wameshazoea tu kwamba ripoti ndo inaandikwaga hivyo, na ukiwauliza wanashangaa kwamba kumbe sentensi haina mtu.

Halafu kuna adabu. Sisi ukienda kwa mtu kuomba kitu huanzi na kuomba. Unabisha hodi, unasalimia, unaulizia watoto, unaulizia mvua za huko, unakunywa chai, na ukishasimama kabisa unaaga ndo unasema "ila mzee, kulikuwa na kajambo". Kwa Kiswahili inafanya kazi vizuri tu maana mwenyeji naye anaujua mchezo, muda wote anakisubiri hicho kajambo. Sasa hamishia mtindo huo kwenye imeili ya Kiingereza kwenda kwa mtu wa Geneva anayesoma kwenye simu akiwa kwenye treni. Anakuta "I hope this email finds you well", anakuta shukrani za ushirikiano wa muda mrefu, anakuta historia ya mradi, na "kajambo" kako paragrafu ya nne, kwamba tusipopata saini yako kabla ya Alhamisi mishahara ya watu haitoki. Hajafika huko. Kaifunga, atairudia jioni, na jioni hairudii.

Kuna ajali moja huwa naikumbuka nikiongelea hili. Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ya shirika la Avianca inatoka Bogotá, imepitia Medellín, inaenda New York kutua uwanja wa JFK. Hali ya hewa mbaya, foleni ya ndege ni ndefu, wakazungushwa angani zaidi ya saa nzima ukijumlisha sehemu zote walizosubirishwa. Mafuta yanapungua. Rubani msaidizi ndo anaongea na waongoza ndege kwa Kiingereza. Akaomba "priority". Wakajaribu kutua wakashindwa, wakaambiwa wapande juu tena wakazunguke, na hapo ndo akasema tunaishiwa mafuta, ila alivyolisema! Kwanza akarudia maelekezo aliyopewa, kama utaratibu unavyotaka, halafu mwishoni kabisa akachomekea "we're running out of fuel, sir". Na "sir" juu. Neno "emergency" halikutoka mdomoni kwake, na neno hilo ndo ambalo likitamkwa ndege nyingine zote zinakaa pembeni. Baada ya muda mfupi injini zikazima, ndege ikaanguka Cove Neck, Long Island. Watu 158 walikuwemo, wakafa 73. Uchunguzi ulitaja mengi, jinsi marubani walivyosimamia mafuta, jinsi foleni ilivyoendeshwa, lakini hilo la kutotamka dharura limo, tena kwa uzito mkubwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuanza na ombi ni kukosa adabu namwambia weka ombi sentensi ya kwanza, salamu weka ya pili. "We need your signature on the attached budget by Thursday, or April salaries will be late. I hope you are well." Inaonekana kavu ukiiandika. Anayeipokea haioni kavu, anaona tu kwamba kuna kitu cha kusaini.

Sasa unamwandikia nani? Tume inayosimamia masoko ya hisa Marekani ilipotoa mwongozo wake wa Kiingereza cha wazi mwaka 1998, dibaji aliandika Warren Buffett, yule tajiri mwekezaji, na humo anasema akiandika ripoti yake ya mwaka anajifanya anaongea na dada zake, Doris na Bertie, ambao ni watu wenye akili zao ila siyo wataalamu wa uhasibu wala fedha. Mimi sina dada wenye hisa ila nina shangazi Mbagala. Aliishia Form Four, anauza vitenge, faida anaipiga kichwani haraka kuliko mhasibu, na Kiingereza anakijua cha kutosha kusoma maelekezo ya dawa na meseji za benki. Nikimaliza kunyoosha kitu najiuliza shangazi angekwama wapi. Na nisisitize, shangazi siyo mjinga. Kuna watu wanadhani kuandika kwa uwazi ni kuandikia wajinga, wanaanza kuelezea kila kitu kama wako chekechea, shangazi angeifunga hiyo karatasi haraka kuliko ile ngumu.

Hapa kwa shangazi ndo naachana njia na miongozo ya Wazungu. Karibu yote inakwambia tumia maneno mafupi. Kwa waliozaliwa ndani ya Kiingereza ni ushauri mzuri tu. Lakini mpe shangazi "The meeting has been put off" na "The meeting has been postponed" uone ipi ataielewa. "Postponed" kaiona ubaoni tangu Form One, kaiona kwenye magazeti, mechi zimeahirishwa miaka yote. "Put off" atafikiria taa. "Turn down", "put up with", "carry out", "look into", vyote ni vijineno vifupi ambavyo kila kimoja peke yake anakijua, ukiviunganisha vinageuka kitu kingine kabisa. "Reject" anaijua. "Tolerate" anaijua, "zero tolerance" imeandikwa kwenye mabango mjini. Kwa msomaji wetu neno refu la shuleni mara nyingi ndo jepesi, na neno fupi la mtaani kwao ndo gumu.

Na ile mashine ya kupima usomekaji ambayo mpaka Word inayo, ya Rudolf Flesch, haiwezi kuliona hili. Kanuni yake ya mwaka 1948 inahesabu vitu viwili tu, sentensi ina maneno mangapi na neno lina silabi ngapi. Baadaye, mwaka 1975, ikafanyiwa marekebisho kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani ili itoe jibu kwa madarasa ya shule, ila moyo wake ni uleule. Kwa hiyo "put up with" inapewa maksi kuliko "tolerate", na ukiandika upuuzi mtupu kwa maneno ya silabi mojamoja unapasi kwa kishindo. Mimi naitumia kwa kitu kimoja tu, kunusa sentensi zilizovuka mpaka, zile za maneno hamsini. Zaidi ya hapo naifunga.

Walionisaidia zaidi ni watu wa ndege tena, ila safari hii mafundi. Miaka ya 80 watengenezaji wa ndege wa Ulaya waliona kwamba vitabu vya matengenezo vinasomwa na mafundi wa dunia nzima ambao Kiingereza siyo lugha yao ya kwanza, wakatunga Kiingereza chao kilichopunguzwa, ambacho leo kinaitwa Simplified Technical English. Neno moja linapewa maana moja. "Close" ni kufunga tu, huruhusiwi kuitumia kusema kitu kiko karibu. "Follow" ni kuja baada ya kitu, ukitaka kusema mtu afuate maelekezo unaandika "obey". Sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20. Ukiisoma haina utamu wowote, imekauka kabisa, na mimi sitaki mtu aandike hotuba ya harusi kwa mtindo huo, ila kwa karatasi ya kuelekeza namna ya kutumia pampu ya kisima Singida sijaona kitu bora zaidi. Kikubwa nilichochukua kwao ni kutobadilisha jina la kitu. Shuleni tuliambiwa kurudia neno ni dhambi, kwa hiyo ripoti inaanza na "farmers", paragrafu inayofuata ni "beneficiaries", ukigeuza ukurasa ni "target group", mara "participants", na msomaji anahesabu makundi manne ya watu wakati ni wakulima walewale. Akiwa mkulima ukurasa wa kwanza abaki mkulima mpaka mwisho, hachoki mtu.

Wanasheria sasa. Ukiwaletea habari hizi wanakwambia lugha yao iko vile kwa sababu imeshapigwa kesi, kila neno limeshatafsiriwa na mahakama, ukiligusa unafungua mlango. Na siwezi kusema wanadanganya. Mahakama za shirikisho Marekani ziliandika upya kanuni zao za mashauri ya madai, zikaanza kutumika Desemba 2007, "shall" zote zikaondolewa maana ilikuwa inabeba maana tatu nne kwa wakati mmoja, mahali pengine lazima, mahali pengine ruhusa. Kwenye Kanuni ya 56, ile ya kutoa hukumu bila kesi kusikilizwa yote, wakaweka "should". Ukaja mjadala, je sasa jaji analazimika au anashauriwa? Mwaka 2010 wakairudisha "shall" palepale ilipokuwa. Kwa hiyo sawa, kuna maneno ukiyahamisha nyumba inacheza.

Ila mkataba wa kupanga chumba na sebule Tabata haujawahi kufika mahakama yoyote, hiyo hoja haituhusu. Mdogo wangu mmoja wa kazini aliniletea wake kabla hajasaini, ndani kuna "The Tenant shall be liable for all dilapidations howsoever occasioned", yani uharibifu wowote ule, uwe umetokeaje, ni juu ya mpangaji, na ni wazi kabisa kwamba umechukuliwa mahali ukabadilishwa majina. Nikamuuliza, paa likivuja nani anaziba? Hajui. Bomba la ukutani likipasuka? Hajui. Nikamwandikia sentensi mbili aende nazo: "The landlord repairs the roof, the walls and the pipes. The tenant pays for anything the tenant breaks." Akampelekea mwenye nyumba. Mzee akavaa miwani, akasoma, akasema hapana, mimi hapa paa anaziba mpangaji, na mabomba pia. Haya. Dogo akamshukuru mzee, akaaga vizuri, akaenda kutafuta chumba Kinyerezi.